Mguu wa Kushoto

Pafukapo moshi pana moto, husemwa,
nasi tumezaliwa Moshi, tumekulia Moshi,
moto wenyewe hatujauona
ila ule wa gesi, wa bluu, wa kupashia kiporo.

Basi Julai, Jumamosi, baridi ya kuuma masikio,
tukatumbukiza buku mbili mbili
kwenye ndoo ya kijana mlangoni,
tukaingia uwanja wa kufyatulia matofali, Pasua,
tukakalia viti vya kuazima
vilivyoandikwa mgongoni kwa rangi nyekundu: KUZIKANA.

Mbonea alikuwa nyuma ya turubai.
Mdogo wangu. Fundi wa pampu za maji,
mtu wa kulowana kila siku ya Mungu.
Moto sijui walikutana wapi.

Kwanza alitoka Ndeshi wa saluni,
nywele kazifunga kwa kitambaa kibichi,
mkononi fimbo inayowaka ncha mbili.
Akaizungusha polepole, kama anayekoroga uji wa watu wengi,
midomo ikihesabu, tunaiona:
moja, mbili, tatu, nne,
kwenye tano ikamponyoka,
ikabiringika hadi miguuni pa mzee Kiwia,
naye akainua miguu tu, karanga hakuziacha.
Kijana wa gunia la maji akaja mbio,
akapiga, akapiga,
akaendelea kupiga hata kilipobaki kivuli.
Ndeshi akacheka. Akaomba kiberiti.

Halafu umeme ukakatika.
Spika ikafia katikati ya neno.
Mtaa mzima ukasema aaah kwa kinywa kimoja,
na ndani ya giza hilo
Mbonea akatoka.

Minyororo miwili, ya mbwa wa jirani
(mbwa mwenyewe alikuwepo, huru, mstari wa mbele),
na mwisho wa kila mnyororo tonge la kitambaa
lililoloweshwa tangu alasiri kwenye kopo la mafuta ya taa.
Akawasha.

Muziki hakuna. Lakini moto una sauti!
Hilo sikuwahi kuambiwa na mtu.
Ukizungushwa huvuma, vuu, vuu,
kama shuka linalokung'utwa na mwenye hasira,
na uso wa mdogo wangu ukija, ukipotea,
ukija wa mtoto, ukipotea,
ukija wa baba.
Nikageuza macho.

Nilipoyarudisha, moto umeanza kupungua,
na kwenye ukingo ambao haujashika
nikaona mshono.
Mimi fundi cherehani, mshono haunipiti:
uzi wa njano, mistari miwili,
pindo nililolikunja kwa mkono wangu.
Jinzi yangu.
Ile niliyoitafuta Pasaka nzima, nikamsingizia Nakiete.
Mguu wa kushoto unakwenda mbele,
wa kulia unarudi nyuma,
inatembea hewani, inaungua, inatembea
mwendo ambao mimi niliyeivaa
sikuuthubutu hata siku moja.

Nilifungua mdomo niseme mwizi,
mikono ikawahi kupiga makofi.
Jirani akayadaka, wa nyuma wakayadaka,
mzee Kiwia akapiga kiti kwa kiganja,
viti vyote vya kuzikana vikawa ngoma,
hadi matonge yakabaki mekundu, kisha meusi,
na tukamsikia Mbonea, hatumwoni,
anahema.

Mlima sikuuona. Ulikuwepo, nadhani.

Tulirudi kwa miguu, mbwa nyuma yetu.
Alinuka kama jiko la bibi.
Jinzi hakuitaja, nami sikuitaja.
Nikamuuliza tu kama haogopi.
Akasema: "Maji yameshanizoea, dada.
Huu haunizoei."

Asubuhi mama akamimina chai,
akamtazama mwanawe muda mrefu, kikombe kikafurika,
akauliza nyusi ameziacha kwa nani.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani, futi shingoni,
napima mikono ya koti zito la pamba
lisilo na mwenyewe tangu mwaka juzi.